Daraja la Msimamizi wa Barafu

Ushirika wa Nam Ber, Makao Makuu
Rodi Kopany
3 Februari 2025

Bwana Omondi,

Habari za ziwani. Mimi ni Joyline Kemuma, karani mkuu hapa Rodi, na tangu Januari nimetwishwa pia ukatibu wa Kamati ya Mishahara. Tulionana mara moja tu, kwenye mkutano mkuu. Wewe ndiye uliyesimama ukauliza kwa nini chai ya wakuu ina maziwa na ya wengine ni ya rangi.

Kama unavyojua, mpaka leo kila mtu ushirikani analipwa kulingana na alivyopatana siku ya kuajiriwa. Aliyekuja na njaa alikubali kidogo, aliyekuja ameshiba akavuta zaidi, na wote wawili wanabeba kreti zilezile za samaki. Jambo hilo linaisha mwaka huu. Tunapanga madaraja saba ya mshahara, na kila kazi itapimwa kwa mambo manne: ujuzi, wajibu, hatari, na idadi ya watu walio chini yake. Tunapima kiti, hatumpimi anayekikalia.

Naomba uniandikie maelezo ya kazi yako kama Msimamizi wa Kiwanda cha Barafu. Andika kwa karatasi. Rasimu ya kwanza ilivuja kwenye grupu la WhatsApp, mlinzi wa geti akagombana na mpishi, tukakaa bila chakula cha mchana. Mwenyekiti wetu, Mzee Barnabas, amepiga marufuku mambo ya mishahara kwenye simu. Caleb wa lori la samaki anateremka huko Jumatatu na kurudi huku Alhamisi. Mpe yeye bahasha.

Wako katika kazi,
Joyline Kemuma


Kiwanda cha Barafu
Sori
6 Februari 2025

Kwako Bi. Kemuma, binti wa milima ya Kisii, unayeandika kama mtu aliyepiga maneno pasi,

Umeniambia nijieleze. Basi kaa vizuri kwenye kiti hicho mnachokipima.

Mimi ni Elvis Omondi, mtoto wa Akinyi nyar Kanyamwa, binti wa ukoo wa Kanyamwa, mama ambaye akipika, majirani wanakumbuka kwamba walikuwa na jambo la kumwambia. Mimi ndiye baridi inayomfikisha mbuta wa Sori mpaka Kisii akiwa bado anadhani yuko ziwani. Nikipita sokoni, wauza omena wanaacha kugombana kwanza wanisalimie. Wanaonipenda nawapenda, na wanaonichukia nawauzia barafu. Jua la huku Nyatike linanijua kwa jina, na mpaka leo halijanishinda.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Kamati isome polepole, na kama kuna mtu wa kupiga nyuzi za nyatiti apige katikati ya sentensi.

Wako,
Elvis Omondi


Rodi Kopany
10 Februari 2025

Bwana Omondi,

Nimesoma barua yako mbele ya kamati kama nilivyotakiwa. Mzee Barnabas alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kumbukumbu za mwaka jana. Halafu ilibidi tutoe alama.

Ujuzi: kamati haikuona. Wajibu: kusalimiwa. Hatari: mjumbe mmoja alisema hatari ni wewe mwenyewe. Watu walio chini yako: jua la Nyatike. Kwa jumla umeangukia Daraja la Pili, bega kwa bega na mlinzi wa geti.

Mzee Barnabas amenieleza kwamba ulichoandika kinaitwa pakruok, na kwamba kwenu, mtu akiambiwa ajieleze, hasemi mikono yake inafanya nini. Anasema ametoka wapi, mama yake ni nani na nani anampenda. Ni desturi nzuri, na nakiri nimeisoma barua yenyewe zaidi ya mara moja. Kwetu mtu akijisifu mbele za watu, mke wake anamvuta koti. Lakini alama hazitolewi kwa mama, hata awe mpishi wa namna gani. Niambie tu unafanya nini tangu unapofungua mlango asubuhi.

Nimeambatisha rasimu ya kanuni ili uone uzito wa jambo. Soma ile ya nne: wenye Daraja la Kwanza na la Pili wanaweza kuhamishwa popote, na kuanzia la Tatu kwenda juu mtu anabaki kwenye kituo chake. Ghala letu jipya la baridi hapa Rodi linatafuta msaidizi, na mlango wake unatazamana na ofisi yangu. Ukibaki Daraja la Pili utaletwa hapa kabla ya mvua. Sikutishi, nakueleza.

Wako katika kazi,
Joyline Kemuma


Sori
13 Februari 2025

Bi. Kemuma,

Nimesoma kanuni ya nne. Nimeirudia. Umenirekebisha vizuri, na sasa nitaandika kama mtu mzima.

Kazi yangu: nawasha mashine asubuhi. Jioni naizima. Katikati nakaa.

Ni hayo tu. Mtu yeyote mwenye kidole anaweza kuifanya.

Nina maswali madogo ya kiofisi. Huo mlango wa ghala unatazamana na ofisi yako kabisa, au mtu anapaswa kuinama kidogo ndipo aone? Vyumba vya kupanga vinapatikana hapo Rodi? Na wewe chakula cha mchana unakula saa ngapi?

Caleb ana mbuta wako ndani ya barafu. Ni mwenye magamba, usiwe na wasiwasi. Nilimuuliza Caleb ukoje, akasema wewe ni Msabato usiyekula mumi, yule asiye na magamba, hata akipikwa na malaika.

Wako mnyenyekevu,
Elvis Omondi


Rodi Kopany
17 Februari 2025

Bwana Omondi,

Asante kwa mbuta. Nilimpika kwa nyanya na dania, na mama mwenye nyumba, Nyasuguta, alikuja kuuliza ni sherehe gani. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza ninachokula kabla ya kunitumia chakula. Nilifurahi sana.

Sasa kazi. Wewe mtu una nini? Wiki iliyopita ulikuwa simba, wiki hii umekuwa swichi! Kamati imetoa alama upya na umeshuka zaidi. Bado ni Daraja la Pili, ila sasa umeshikilia ukingoni kwa kucha. Mlinzi wa geti angalau aliandika kwamba anafukuza mbwa. Kikao cha mwisho ni mwanzo wa Machi, na kikishapita, daraja halifunguliwi tena mpaka miaka mitano iishe.

Najua barafu haijitengenezi. Lakini siwezi kuandika nisichoambiwa, kwa hiyo nakuomba kwa mara ya mwisho, andika ukweli.

Kuhusu maswali yako ya kiofisi: huna haja ya kuinama. Chakula cha mchana ni saa saba. Na Nyasuguta ana chumba kitakachokuwa wazi mwezi wa tatu, kina dirisha. Niliuliza tu kwa sababu nilikuwa napita.

Wako,
Joyline Kemuma


Sori
20 Februari 2025

Kwako binti yangu Joyline,

Hatujuani. Mimi ni Benta Awuor, kiongozi wa akina mama wa mezani hapa Sori. Sisi ndio tunaopasua samaki, kuwasafisha, kuwapima na kuwapanga kwenye barafu. Msimamizi wetu ni huyo Elvis wako. Nasema wako kwa sababu lori likichelewa Jumatatu anasimama barabarani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, na barua ikifika anatusomea ile sehemu ya salamu.

Nilimuuliza, "Elvis, kwa nini unaandikia watu wa Rodi ujinga? Nawasha, nazima?" Akacheka. Akaniambia, "Mama Benta, Daraja la Tatu linakaa Sori. Daraja la Pili linakaa mlango unaotazamana na wake."

Mimi ni mwanamke, nilicheka pia. Kisha nikachukua ile karatasi ya kanuni aliyoiacha mezani, nikaisoma mpaka mwisho. Kanuni ya tano, binti yangu. Inasema hakuna mtu atakayewekwa daraja sawa na msimamizi wake wala juu yake. Basi akikaa la Pili, sisi wote wa mezani tunakaa la Kwanza, pamoja na mfagiaji. Mimi nimeshika kisu hiki tangu Ushirika uanze. Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu kwamba safari hii tutaonekana. Mwenzetu Joyce ametafuta shule ya bweni ya mtoto wake kwa matumaini hayo. Elvis hajaiona hiyo ya tano. Mtu anayependa husoma mpaka pale anapopatafuta, halafu anafunga karatasi.

Sasa nikwambie anachofanya. Gesi ya kile kiwanda ni amonia. Mwaka jana ilivuja tukiwa ndani. Sisi hatukusikia kitu, yeye alisikia harufu, akatutoa wote nje mpaka ufukweni, akarudi peke yake na kitambaa chenye maji usoni akafunga koki. Alikohoa wiki nzima na kila akikohoa alituambia ni vumbi. Stima ikipotea, ndiye anayeamua jenereta iendeshe nini na iache nini. Barafu ikiwa kidogo na mashua ni nyingi, ndiye anayegawa, na sijaona mvuvi akimpiga kwa sababu ya mgao wake. Kwa Sori hilo ni jambo kubwa.

Mimi sikatai mapenzi. Lakini asiyanunue kwa mshahara wetu. Wewe ndiye mwenye kalamu, mwambie.

Mama yako,
Benta Awuor


Rodi Kopany
24 Februari 2025

Elvis,

Mama Benta ameniandikia. Najua yote.

Nimekasirika, tena sana. Nilikaa vikao viwili nikikutetea mbele ya wazee, nikisema huyu mtu hajui kujieleza, tumvumilie. Kumbe unajua sana. Umenifanya nionekane mjinga, lakini hilo nitalisahau. Kubwa ni kwamba ulikuwa unawashusha akina mama wa mezani bila hata kugeuka kuwatazama. Soma kanuni ya tano. Isome yote, uone ni nani aliye chini ya kiti chako.

Na mimi sina mikono safi. Kila alama zako ziliposhuka, niliandika "inasikitisha" kwenye kumbukumbu, halafu nikarudi ofisini nikafungua pazia na kuutazama ule mlango. Chumba cha Nyasuguta sikukiuliza nikipita. Nilienda makusudi, Sabato, nikitoka kanisani. Nilitaka uje. Bado nataka.

Lakini sitaki mtu aliyejishusha thamani ndipo anifikie. Nikikutazama kila siku kwenye mlango ule nitakuwa namwona Mama Benta na mtoto wa Joyce. Nitaweza kukupenda hivyo kwa muda gani?

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kanuni ya saba inasema mjumbe mwenye maslahi kwa mtu anayepimwa atangaze na atoke nje. Kesho namwambia Mzee Barnabas kwamba maslahi ninayo. Kazi yako ikifikishwa mbele ya kamati sitakuwemo, sitakutetea, na alama sitaziona. Utakuwa na karatasi yako tu. Iandike vizuri.

Joyline


Sori
27 Februari 2025

Joyline,

Nimesoma kanuni ya tano. Nilikwenda mezani nikawasomea akina mama kwa sauti, kisha nikawaomba msamaha mbele ya samaki wote. Mama Benta alinipiga mgongoni na mkono wenye magamba akasema yameisha. Hayajaisha kwangu. Naona aibu kweli, na sijawahi kuona aibu tangu nikiwa darasa la sita.

Karatasi ya kamati iko kwenye bahasha ya pili. Nakuandikia yaliyomo kwa sababu hutakuwepo ikisomwa.

"Naendesha mitambo miwili ya barafu inayotumia gesi ya amonia. Asubuhi, kabla ya mtu kuingia, nakagua koki zote, mabomba na mafuta ya kompresa. Harufu ikiwepo, hakuna anayeingia. Nasimamia maji yanayogandishwa na chumvi inayoyapoza. Nagawa barafu kwa mashua, na ikipungua naamua nani apate na nani asubiri, nikijua kwamba asiyepata atapoteza samaki wake. Stima ikikatika naokoa samaki kwanza, barafu baadaye. Nasimamia akina mama wa mezani, na hapa naomba kamati iandike: wao ndio wanaojua samaki yupi atafika Kisii na yupi aliwe leo. Nikikosea mimi, watu wanaumia. Wakikosea wao, watu wanaugua. Watupime kwa hayo."

Ilikuwa ngumu kuandika. Kujisifu ni rahisi, mtu anatupa maneno juu yanarudi yakimeremeta. Kusema tu unachofanya ni kama kuvuliwa shati.

Nikibaki Sori nitabaki. Nilifikiri kuwa karibu na wewe ni jambo la mlango. Nisamehe.

Elvis


Ofisi ya Mwenyekiti
Rodi Kopany
10 Machi 2025

Kwa Bw. Elvis Omondi, Sori

YAH: DARAJA LA MSIMAMIZI WA KIWANDA CHA BARAFU

1. Kamati ilikutana na kuisoma karatasi yako. Hakuna aliyecheka.

2. Kabla ya hapo Katibu alitangaza maslahi, akatoka, akakaa nje kwenye benchi karibu na mizani muda wote, akiwa na kitabu ambacho kwa ushahidi wa Caleb alikishika juu chini. Aina ya maslahi haikuandikwa kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Wajumbe wote walijua tangu yule mbuta.

3. Umewekwa Daraja la Tano. Utabaki Sori.

4. Akina mama wa mezani wamewekwa Daraja la Tatu, na kiongozi wao, Bi. Benta Awuor, Daraja la Nne. Umwambie yeye mwenyewe, mimi naogopa vigelegele.

5. Msimamizi wa Daraja la Tano ana haki ya nyumba ya Ushirika kituoni. Ile ya vyumba viwili ni ya mwenye mke. Asiye na mke anapewa chumba kimoja nyuma ya jenereta. Kamati inaomba ijulishwe hali yako ili fundi aanze kazi.

Barnabas Okumu
Mwenyekiti


Sori
13 Machi 2025

Joyline mpenzi,

Mama Benta na wenzake wameimba tangu Jumatatu. Joyce amepeleka mtoto shule. Mimi nimeimba nao, lakini nusu, kwa sababu kila Daraja la Tano likitajwa nakumbuka kwamba ndilo linalonifunga huku.

Kamati imeniuliza kama nina mke. Nimeikalia barua hiyo siku zote hizi, na jibu silijui, maana analo mtu mwingine. Basi nakuuliza wewe bila madoido, kwa sababu nimeanza kuzoea kusema mambo yalivyo. Nakupenda. Nataka kukuoa. Sina uwezo wa kuja Rodi na wewe una kazi yako huko, sikuombi uiache. Umbali ni wa kuvuka Ndhiwa tu, unapitika, na mimi nitaupita kila nikipata nafasi mpaka nizeeke.

Nyumba si kitu. Ukikataa nitalala nyuma ya jenereta na sitakulaumu.

Wazee wangu wameshaniuliza baba yako ni mtu wa namna gani. Niwaambie nini?

Elvis


Rodi Kopany
17 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Mishahara

Mzee,

Kwa barua hii najiuzulu ukatibu wa Kamati. Kanuni ya saba haimruhusu mtu kupanga mshahara wa nyumba yake. Niliiandika mimi mwenyewe mwezi wa kwanza, nikiwa nafikiria wajomba na mashemeji wa watu wengine.

Bw. Omondi ameomba kunioa na nimekubali. Nina furaha ambayo haifai kuandikwa kwenye barua ya ofisi, lakini naiandika. Leo nimejumlisha kreti za samaki mara tatu na kila mara zimekuja tofauti.

Ukarani mkuu naendelea nao, Daraja la Nne, hapa Rodi. Sishuki hata hatua moja kwa ajili ya mapenzi, na kuna mtu niliyemkataza asishuke. Siku za kazi nitakuwa kwenye meza yangu. Ijumaa jua kabla halijazama nitakuwa Sori, na Sabato nitaabudu huko.

Wazee wa Bw. Omondi wanakaribishwa kwa baba yangu, Mzee Ombui, Jumapili ya kwanza ya Aprili. Atajifanya mkali na atataja ng'ombe wengi kuliko anaowataka. Wamsikilize mpaka mwisho, wasikimbie.

Kuhusu swali lako la nyumba, mwambie fundi ajenge ya vyumba viwili.

Joyline Kemuma

Nakala: Bw. Elvis Omondi, Sori